Herufi Mbili katika Faili la Usanidi: Historia ya Moduli Saidizi ya Tafsiri katika Mifumo ya Ujenzi wa Programu na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Tafiti nyingi kuhusu Kiswahili na teknolojia ya habari zimejikita katika uundaji wa istilahi. Makala haya yanageukia njia ambayo istilahi hizo hupitia kabla ya kumfikia mtumiaji. Yanafuatilia historia ya gettext, moduli saidizi iliyoongezwa katika mifumo ya ujenzi wa programu kuanzia mwaka 1995 ili kuziwezesha programu kuzungumza lugha nyingi. Makala yanadai kwamba maamuzi mawili ya kihandisi yaliweka masharti ambayo kila mfasiri wa Kiswahili alikuja kuyakuta yamekwisha kuwekwa. La kwanza ni kuifanya sentensi ya Kiingereza kuwa ufunguo wa tafsiri, na la pili ni kuiweka orodha ya lugha ndani ya faili la usanidi. Uchunguzi unaanzia Make ya mwaka 1976, unapitia Autoconf na gettext, unatua Dar es Salaam mwaka 2004 na unaishia katika Meson.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa majina. Je, chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kinachohifadhi maandishi kiitwe faili au jalada? Anayeingia katika mfumo atoe nywila au nenosiri? Maswali haya ni halali, na wanaisimu wameyatolea jasho katika makongamano mengi. Hata hivyo, maswali yenyewe huchukulia jambo moja bila kulihoji, kwamba neno likishakubaliwa na tafsiri ikishaandikwa, basi programu itazungumza Kiswahili.

Kihistoria mambo hayakuwa hivyo. Kati ya tafsiri iliyokamilika na skrini ya mtumiaji kuna mtambo wa katikati ambao wataalamu wa lugha huuona kwa nadra. Mtambo huo ni mfumo wa ujenzi. Programu nyingi huandikwa na binadamu katika lugha ya programu kama vile C, kisha maandishi hayo hugeuzwa na kompaila kuwa maelekezo ambayo kichakataji cha mashine hutekeleza moja kwa moja. Programu kubwa huwa na mamia au maelfu ya mafaili, na mfumo wa ujenzi ndio unaoamua lipi ligeuzwe, kwa utaratibu gani, na matokeo yawekwe wapi. Faili la tafsiri nalo hupita humo humo. Lisipotajwa katika mfumo huo, halijengwi, na lisipojengwa halisomwi na mtu yeyote, hata kama istilahi zake zimepitishwa na kila baraza la lugha katika ukanda huu.

2. Make na asubuhi iliyopotea

Mfumo wa ujenzi ulioweka kigezo kwa vizazi vilivyofuata uliandikwa mwezi Aprili 1976 na Stuart Feldman katika maabara za Bell Labs, Marekani. Chanzo chake ni kisa cha kawaida mno. Mwenzake Feldman, Steve Johnson, aliyejulikana kwa kuandika yacc, alifika ofisini kwake akilaani bahati yake. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu iliyokwisha kusahihishwa. Marekebisho aliyafanya, lakini faili lililorekebishwa halikuwa limegeuzwa upya, kwa hiyo mashine iliendelea kuendesha toleo la zamani. Feldman naye alikuwa amekumbwa na mkasa wa aina hiyo hiyo. Alichobuni ni programu inayosoma orodha ya utegemezi, yaani faili hili linatokana na lile, kisha hulinganisha tarehe za mafaili na kugeuza yale tu yaliyopitwa na wakati.

Make ilikuwa na kasoro moja iliyopata umaarufu kuliko sifa zake nyingi. Mstari wa amri lazima uanze kwa alama ya tabo, na nafasi za kawaida hazikubaliki. Feldman alieleza baadaye kwamba alipolitambua tatizo hilo alikuwa tayari ana watumiaji wapatao kumi na wawili, naye hakutaka kuwavurugia kazi. Tabo ikabaki, na imebaki hadi leo, ikiwasumbua mamilioni kwa ajili ya amani ya watu kumi na wawili. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa katika yote yanayofuata. Katika mifumo ya ujenzi, uamuzi wa mapema hugeuka sheria kabla haujapata nafasi ya kujadiliwa, jambo ambalo wanafunzi wa historia ya usanifishaji wa lugha hawatashangaa kulisikia.

3. Autoconf na desturi ya kuongeza makro

Make ilijua kujenga, lakini haikujua ilikuwa inajenga wapi. Unix ya miaka ya 1980 ilikuwa familia ya mifumo iliyofanana sura na kutofautiana tabia, na programu iliyojengwa salama katika mashine ya kampuni moja ilikataa katika mashine ya kampuni nyingine. Mwezi Juni 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akitunza programu nyingi za mradi wa GNU, alijikuta akiwataka watumiaji wachague kwa mkono vipengele vipatavyo 20 kabla ya kujenga. Aliandika skripti ya kuichunguza mashine yenyewe na kujaza majibu. Skripti hizo zilipoongezeka, akaunda Autoconf, chombo kinachozizalisha kutokana na makro zilizoandikwa kwa m4, lugha ndogo iliyobuniwa na Brian Kernighan na Dennis Ritchie mwaka 1977.

Kwa historia inayosimuliwa hapa, m4 ina uzito kuliko inavyoonekana. Kwa kuwa Autoconf ilikuwa mkusanyiko wa makro, mtu yeyote aliweza kuandika makro yake, kuiweka katika faili lenye kiambishi cha m4, na kuiita kwa mstari mmoja katika faili la usanidi. Hakuhitaji ruhusa ya MacKenzie. Hivyo ndivyo dhana ya moduli saidizi ilivyozaliwa katika ulimwengu huo: kipande kinachojitegemea, kinachoufundisha mfumo wa ujenzi jambo ambalo waasisi wake hawakulifikiria. Lugha za binadamu ziliingia kwa mlango huo.

4. Kutoka glocale hadi gettext

Mwongozo wa gettext wenyewe umehifadhi kumbukumbu ya mwanzo wake, na kumbukumbu hiyo ina uchangamfu usiotarajiwa katika maandishi ya kiufundi. Mwezi Julai 1994 Patrick D'Cruz alikusudia kuiwezesha fileutils 3.9.2, mkusanyiko wa amri za msingi za kunakili, kufuta na kuorodhesha mafaili, itoe jumbe zake katika lugha mbalimbali. Akamwuliza mtunzaji wake, Jim Meyering, jinsi ya kuyaingiza mabadiliko hayo katika toleo rasmi. Rasimu ya kwanza ilijaa masharti ya kompaila kila mahali, na Meyering akataka njia nadhifu zaidi. Aliwasiliana na Richard Stallman, mwasisi wa GNU, ambaye alimweleza kwa mdomo muundo wa jumla. Kutokana na maelezo hayo Meyering akaandika kifurushi kilichoitwa glocale.

Glocale haikudumu. Wahandisi kadhaa waliivuta huku na huko, na baada ya matoleo machache ya majaribio ikasambaratika. Kiini cha mvutano kilikuwa swali ambalo kwa mhandisi ni la kiolesura, lakini kwa mwanaisimu ni la msingi kabisa: ujumbe utambulishwe kwa nini?

Kulikuwa na majibu mawili. Jibu la kwanza, lililokuwa katika kiwango cha X/Open kwa jina la catgets, lilikuwa namba. Kila ujumbe ulipewa namba ya kundi na namba yake ndani ya kundi, na programu iliomba, kwa mfano, ujumbe wa 7 katika kundi la 2. Jibu la pili lilitoka kwa kampuni ya Sun, iliyokuwa imetekeleza kitendakazi cha gettext katika SunOS 4 mnamo mwaka 1990 na kukiwasilisha kwa Uniforum. Katika jibu hili ujumbe hutambulishwa kwa maneno yake wenyewe. Programu huandikwa kwa Kiingereza, na kila sentensi ya Kiingereza hutumika kama ufunguo wa kutafutia tafsiri. Glocale ilifuata njia ya catgets. Paul Eggert, aliyekuwa akiyafuatilia maendeleo ya Solaris kwa karibu, aliitetea njia ya gettext.

Aliyelimaliza suala ni Ulrich Drepper. Meyering alipojitenga kwa muda, kwa kuwa alikuwa amepata mtoto wa pili, Drepper alivutwa katika kazi ya kuiwezesha maktaba ya C ya GNU kutumia lugha nyingi. Hakuijenga upya glocale, bali aliandika kitu kipya kabisa mwezi Aprili 1995, kilichopewa jina la msgutils, kisha nlsutils, na hatimaye gettext. Stallman alikiidhinisha kiasi cha mwezi Mei, na toleo rasmi la kwanza, 0.7, likatoka Julai 1995. Kuanzia rasimu ya D'Cruz hadi toleo rasmi, mwaka mmoja tu ulikuwa umepita.

Sababu za ushindi wa gettext zinaeleweka. Mwandishi wa programu hakutakiwa tena kutunza daftari la namba. Alizungushia sentensi yake alama fupi, mstari wa chini na mabano, na chombo kiitwacho xgettext kikazikusanya sentensi zote hizo katika faili la kufasiriwa. Programu ilibaki ikisomeka. Zaidi ya hayo, tafsiri ilipokosekana, programu haikuanguka, kwani kitendakazi kilirudisha ufunguo wenyewe, yaani sentensi ya Kiingereza. Kwa mhandisi huo ulikuwa ukarimu. Kwa lugha zisizo na wafasiri wengi, ukarimu huo ulikuwa pia pazia. Pengo la tafsiri halikuleta hitilafu ambayo mtu angelazimika kuitengeneza. Kiingereza kilijaza nafasi kimyakimya, na programu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua.

5. Ufunguo wa Kiingereza na ngeli za Kiswahili

Matokeo ya kisarufi ya uamuzi huo yanastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko yalivyowahi kuchunguzwa. Kwa kuwa sentensi ndiyo ufunguo, sentensi mbili za Kiingereza zinazofanana herufi kwa herufi huwa ufunguo mmoja na hupata tafsiri moja, popote zinapotokea katika programu. Chukua kivumishi cha Kiingereza chenye maana ya “-pya”, kinachotokea katika menyu za karibu programu zote. Katika Kiingereza hakibadiliki. Katika Kiswahili dirisha ni jipya, kitabu ni kipya, vitabu ni vipya, waraka ni mpya na akaunti ni mpya. Mfasiri alipewa kisanduku kimoja cha kujaza, bila kuambiwa ni nomino gani inayosubiri upande wa pili. Alichoweza kufanya ni kuchagua ngeli moja na kukubali kukosea katika nyingine, au kukwepa kivumishi kabisa na kuandika kitenzi kama “anzisha” au “unda”. Wasomaji waliowahi kulaumu tafsiri za programu kwa upatanisho mbovu wa kisarufi huenda walimlaumu asiyehusika. Chini ya catgets, yenye namba zake zilizochukiwa, kila “-pya” ingekuwa na namba yake.

Uwingi ulikuwa mtihani mwingine. Waandishi wa programu wa zamani walikuwa na hila ya kuongeza herufi “s” mwishoni mwa nomino pale idadi ilipozidi moja, kwa sharti fupi lililoandikwa ndani ya sentensi yenyewe. Hila hiyo inafanya kazi kwa sababu Kiingereza hubeba uwingi mwishoni mwa nomino. Kiswahili huubeba mwanzoni, na haukomei kwenye nomino, kwa kuwa kitenzi, kivumishi na kionyeshi vyote huitikia. Katika “kiungo kimefutwa” na “viungo vimefutwa” hakuna mahali ambapo herufi moja ya nyongeza inaweza kusimama. Tatizo halikuwa la Kiswahili pekee. Kipolandi kina maumbo matatu ya idadi, Kislovenia manne, Kiarabu sita, na Kijapani moja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 gettext iliongezewa kitendakazi cha uwingi, ambapo kila faili la tafsiri hutangaza kichwani mwake idadi ya maumbo na kanuni ya hesabu ya kuchagua kati yao. Kiswahili kilitangaza maumbo mawili, umoja kwa idadi ya moja na wingi kwa nyingine zote. Sentensi nzima iliweza sasa kuandikwa upya kwa kila umbo, na upatanisho ukatengemaa.

Ulitengemaa, hata hivyo, pale tu ambapo nomino ilikuwa ndani ya sentensi. Pale ambapo programu ilipachika nomino wakati wa kutekelezwa, kwa alama ya nafasi tupu ikifuatiwa na maana ya “kufutwa”, mfasiri hakuweza kujua kama aandike limefutwa, kimefutwa au imefutwa. Nomino moja inaweza hata kuwagawa wasemaji, kwani wapo wasemao faili limefutwa na wapo wasemao faili imefutwa. Dawa ya sehemu ilikuja na toleo la 0.15 mwaka 2006, lililoruhusu muktadha kuandikwa kando ya ufunguo, ili “-pya” ya dirisha itofautishwe na “-pya” ya waraka. Kabla ya hapo baadhi ya miradi ilikuwa na hila zake za kuupachika muktadha ndani ya sentensi yenyewe. Lakini ni mwandishi wa programu, wala si mfasiri, anayeandika muktadha, naye huuandika pale tu anapojua kwamba kuna lugha inayouhitaji.

Kuna tokeo jingine la kuufanya Kiingereza kuwa ufunguo. Sentensi ya Kiingereza inaporekebishwa, hata kwa mkato mmoja, ufunguo unakuwa mpya. Chombo cha msgmerge hutafuta tafsiri ya zamani iliyo karibu, huiweka mahali pake na kuitia alama ya shaka, na tafsiri yenye alama hiyo haiingizwi katika programu mpaka binadamu aithibitishe. Lugha yenye timu ya kudumu hulimaliza jambo hilo kwa muda mfupi. Lugha iliyofasiriwa na mradi wa miezi michache, ambao fedha zake zimekwisha, hupoteza sentensi moja moja kila toleo jipya linapotoka. Tafsiri ya Kiswahili haihitaji mtu wa kuifuta ili itoweke, inatosha Kiingereza kiendelee kuhaririwa.

6. Mstari wa usanidi

Kitendakazi cha gettext kilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuufundisha mfumo wa ujenzi kukitumia, na hapo ndipo moduli saidizi yenyewe inapoingia. Mtunzaji wa programu aliendesha skripti iitwayo gettextize, iliyonakili vitu vitatu ndani ya mradi wake: makro za m4, saraka yenye nakala ya maktaba kwa ajili ya mifumo isiyokuwa nayo, na faili la kujengea tafsiri lililoitwa Makefile.in.in. Jina hilo, lenye kiambishi tamati kilichorudufiwa, lilitokana na faili hilo kupitishwa mara mbili katika uzalishaji. Wanamofolojia wataona kwamba urudufishaji hapa una maana ile ile ulio nayo katika lugha nyingi za binadamu.

Baada ya hapo mtunzaji aliongeza makro ya AM_GNU_GETTEXT katika faili lake la usanidi, pamoja na mstari mmoja unaotaja lugha. Mstari huo uliitwa ALL_LINGUAS. Ndani ya alama za kunukuu ziliorodheshwa alama za herufi mbili za kiwango cha ISO 639, kama de kwa Kijerumani, fr kwa Kifaransa na ja kwa Kijapani. Kiswahili kilikuwa na alama yake, sw. Kuwa na alama katika kiwango cha kimataifa, hata hivyo, si sawa na kutajwa katika mstari huo.

Utaratibu huo una mengi ya kusema kuhusu mamlaka. Faili la tafsiri, sw.po, lingeweza kuwapo ndani ya saraka, likiwa limekamilika na kukaguliwa. Kama sw haikuwa katika ALL_LINGUAS, msgfmt haikuligeuza, na usakinishaji haukulipeleka popote. Kuongeza herufi hizo mbili kulimaanisha kulihariri faili la usanidi, na kulihariri kulimaanisha kuizalisha upya skripti yote ya usanidi, kazi iliyohitaji m4, Autoconf na Automake za matoleo yanayopatana. Mfasiri hakutarajiwa kuwa navyo, kwa hiyo alimtegemea mtunzaji. Mradi wa Tafsiri ulioratibiwa na François Pinard ulirahisisha mawasiliano hayo kwa kuunda timu za lugha, lakini ulikuja na sharti lake. Kwa programu za GNU, mfasiri alitakiwa kutia saini karatasi ya kuachia haki na kuituma kwa wakfu wa Free Software Foundation nchini Marekani. Karatasi, bahasha na stempu zikawa sehemu ya mfumo wa ujenzi, ingawa hakuna makro iliyozitaja.

Watunzaji nao walikuwa na malalamiko yao, hasa kwamba mafaili yaliyonakiliwa yalizeeka ndani ya miradi yao. Katika matoleo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 orodha ya lugha iliondolewa katika usanidi na kuwekwa katika faili dogo la maandishi, po/LINGUAS, lisilohitaji kuzalisha upya chochote. Badiliko hilo halikuvuta macho ya wengi. Kwa mfasiri lilikuwa kubwa, kwa sababu sasa aliweza kuonyesha mahali penyewe pa kuandika jina la lugha yake.

7. Dar es Salaam, 2004

Kiswahili kilipoingia katika programu kubwa ya ofisi kwa mara ya kwanza kwa mtindo wa mradi uliopangwa, hakikuingia kwa mlango wa gettext. Mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. OpenOffice.org ilikuwa mrithi wa StarOffice ya Ujerumani, nayo ilikuja na mfumo wake wa ujenzi wenye desturi zake. Katika matoleo ya wakati huo lugha zilitambulishwa kwa namba, na namba za awali zilifuata misimbo ya simu ya kimataifa: 49 kwa Kijerumani, 33 kwa Kifaransa, 01 kwa Kiingereza cha Marekani. Mtu anaweza kutabasamu, lakini mfumo unaoitambua lugha kwa msimbo wa simu umekwisha kuamua kwamba lugha ni mali ya nchi moja. Kiswahili, kinachozungumzwa kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, kina misimbo ya simu kadhaa.

Kiungo kati ya mfumo huo na wafasiri kilitengenezwa barani Afrika. Shirika la Translate.org.za la Afrika Kusini, lililokuwa likifasiri programu kwa lugha rasmi za nchi hiyo, lilitengeneza mkusanyiko wa zana uitwao Translate Toolkit, na ndani yake chombo cha oo2po. Chombo hicho kiliyachukua maandishi ya OpenOffice.org na kuyageuza kuwa mafaili ya PO, aina ile ile ya gettext, ili mfasiri wa Kizulu au wa Kiswahili atumie vihariri alivyovizoea. Kazi ilipokwisha, tafsiri zilirudishwa katika umbo ambalo mfumo wa ujenzi uliweza kulipokea.

Ugeuzaji huo ulilifufua swali la mwaka 1994. OpenOffice.org iliutambua kila ujumbe kwa mahali pake, kwa hiyo “-pya” zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na anwani yake. PO, kama ilivyokuwa wakati huo, iliutambua ujumbe kwa maneno yake tu. Ilibidi oo2po iwe na swichi ya kuamua hatima ya jumbe zinazofanana, kwamba ziunganishwe kuwa moja, au zitenganishwe kwa kupachikwa maelezo ya mahali zilipotoka. Kuunganisha kulimpunguzia mfasiri kazi. Kutenganisha kuliilinda sarufi ya lugha zenye ngeli. Wasanifu waliotoka katika mazingira ya lugha za Kibantu walijua kwa nini swichi hiyo ilihitajika, nao waliiweka. Hiki ni kipengele cha historia ya Kiswahili na kompyuta ambacho hakijapewa nafasi yake katika maandishi ya kitaaluma, pengine kwa sababu kimejificha katika hiari za amri na si katika kamusi.

8. Meson na kufungwa kwa mlango wa makro

Mifumo ya ujenzi iliendelea kubadilika. Mradi wa KDE ulihamia CMake kwa ajili ya toleo lake la 4, lililotoka Januari 2008, na CMake ilikuwa na moduli yake ya kuitafuta gettext. GNOME ilikaa na Autoconf kwa muda mrefu zaidi, ikiongeza juu yake moduli saidizi nyingine, intltool, kwa ajili ya mafaili ambayo gettext ya zamani haikuweza kuyasoma. Kisha, katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, miradi yake mingi ilihamia Meson, mfumo ulioanzishwa na Jussi Pakkanen wa Finland mwishoni mwa 2012.

Meson ilifanya uamuzi ulio kinyume cha m4. Lugha yake ya usanidi haimruhusu mtumiaji kubuni vitendakazi vyake. Moduli saidizi zipo, lakini zimeandikwa kwa Python ndani ya Meson yenyewe na husambazwa pamoja nayo. Anayetaka moduli mpya hana budi kuwashawishi watunzaji wa mfumo waipokee. Waliochoshwa na makro za Autoconf, ambazo wachache waliweza kuzisoma, wana haki ya kuufurahia unadhifu huo. Lakini tofauti kati ya mifumo hii miwili inafanana sana na tofauti kati ya neno linalozuka sokoni na neno linalosubiri kupitishwa na baraza, na wataalamu wa Kiswahili wanajua kwamba kila njia ina gharama yake. D'Cruz na wenzake, waliofanya majaribio hadharani kwa mwaka mzima, wakavunja glocale na kuanza upya, walifanya hivyo katika ulimwengu ambao makro haikuhitaji kibali.

Kwa bahati njema, moduli ya tafsiri ilikuwa miongoni mwa zile zilizokubaliwa. Inaitwa i18n, nayo huitwa kwa mistari miwili: wa kwanza unaileta, wa pili unaitaja programu inayofasiriwa. Isipopewa orodha ya lugha moja kwa moja, huisoma katika po/LINGUAS, faili lile lile lililorithiwa kutoka gettext. Ufunguo ungali ni sentensi ya Kiingereza. Mwaka 2024 kiolesura cha gettext kiliingizwa katika kiwango cha POSIX, takribani miaka 30 baada ya mabishano ya glocale, na kwa hatua hiyo ufunguo huo ukapata hadhi ya kiwango rasmi.

Faili la LINGUAS ni faili la maandishi matupu. Mistari inayoanza na alama ya reli hupuuzwa, na iliyobaki ni alama za lugha, ambazo kwa desturi hupangwa kialfabeti. Nafasi ya sw ni kati ya sv ya Kiswidi na ta ya Kitamili. Ikiandikwa hapo, na sw.po likiwapo, mfumo wa ujenzi huligeuza faili hilo na kuliweka katika saraka ya share/locale/sw/LC_MESSAGES bila kumwuliza mtu yeyote. Isipoandikwa, hakuna onyo linalotolewa.